Pangani na Njia Zake za Bara: Hotuba kwa Wazee na Vijana wa Mji

Waheshimiwa wazee wetu wa Pangani Mjini na wa Bweni, masheikh na walimu, mama zetu, ndugu zangu mliotoka Ushongo, Kipumbwi, Mkwaja na Tongoni, na ninyi wanangu mliosimama nyuma kwa kukosa viti: Assalaam alaykum, na kwa wote, hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya mji wetu wa zamani, na nadhani walioniomba walitarajia nizungumze juu ya majahazi. Nitayazungumzia, maana nikiyaacha wazee hawa hawatanipa radhi. Lakini nimekuja na hoja moja ambayo ningependa tuitazame pamoja, nayo ni kwamba Pangani haikupata kuwa bandari kwa sababu ya bahari yake. Mlango wa mto wetu una fungu la mchanga ambalo kila nahodha analijua na kila nahodha analichukia. Chombo kizito hungoja maji yajae ndipo kipite, na meli za moshi zilipoanza kuja pwani hii zilitia nanga nje, shehena ikapakiwa na kuteremshwa kwa matishari. Jirani zetu wa Tanga wana ghuba pana iliyokingwa na upepo. Kama bahari ingekuwa ndiyo inayoamua, watu wangeamua mapema sana. Kilichoujenga mji huu ni njia ya miguu iliyoanzia nyuma ya nyumba zake, ikafuata bonde la mto kupanda Korogwe na Mazinde, ikapita kando ya milima ya Upare, ikafika Kilimanjaro na nchi ya Wamasai. Njia hiyo iliposhamiri mji ulishamiri, na shehena zake zilipohamia kwingine mji ulibaki na kuta.

Tuanze hata hivyo na bahari, kwa sababu ndiyo tunayoikumbuka kwa moyo. Sisi tuliozaliwa katika miaka ya 1950 tuliukuta mwisho wa mambo, lakini mwisho wenyewe ulikuwa na uhai. Upepo wa kaskazi ulipoanza kuvuma, kuanzia Desemba hadi Machi, pwani yote ilijua kwamba vyombo vya Uarabuni na vya Ghuba vimo njiani, na tende, chumvi, papa wakavu na mazulia vingefika sokoni. Kusi likianza, vyombo hivyo viligeuza tanga kurudi kwao vikiwa na boriti, nafaka na nazi. Vingi viliishia Mombasa na Unguja, na sehemu yetu ilitufikia kwa mashua na majahazi madogo ya hapa hapa. Nakumbuka harufu ya mbata iliyojaa forodhani, nzito kiasi kwamba nguo zilirudi nayo nyumbani, na nakumbuka makuli waliopanda ubao wa chombo kwa wimbo, mmoja akianzisha na wengine wakipokea, gunia likienda juu kwa pumzi ya pamoja. Kwa Unguja zilikwenda nazi, ndizi, mbuzi na abiria, na safari haikuwa na saa ya mkononi, ilikuwa na maji kujaa na upepo. Mpaka leo mashua za Kipumbwi na Mkokotoni zinafanya biashara, ingawa nyingi zimefungwa injini, na kijana wa Kipumbwi ana shangazi Unguja kama alivyokuwa naye babu yake.

Na pwani hii ni ya zamani kuliko majahazi tunayoyakumbuka. Tongoni, kusini ya Tanga, una magofu ya msikiti na makaburi zaidi ya 40, mengine yenye nguzo, kazi ya watu walioishi na kufanya biashara pale kabla ya Mreno wa kwanza kupita. Wareno waliijua sehemu hiyo kwa jina la Mtangata. Vasco da Gama aliporudi kutoka India alikuwa amepoteza mabaharia wengi kwa maradhi, hata hakubaki na watu wa kutosha kuendesha merikebu zake zote, na mwezi wa Januari 1499 akaichoma moto merikebu yake ya São Rafael kwenye mafungu ya sehemu hiyo. Wavuvi wa Tongoni wanatupa nyavu zao karibu na mahali hapo, na wala hawana habari nayo. Kwa kweli sioni kwa nini wahangaike nayo, maana Mreno alichoma chombo chake akaenda zake, na mji uliendelea.

Nirudi kwenye njia. Katika karne ya 19 Pangani ulikuwa mlango wa nchi yote ya kaskazini-mashariki. Krapf, mmisionari Mjerumani, alizuru milima ya Usambara katika nchi ya mtawala Kimweri mwaka 1848 na tena 1852. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walifika Pangani mwanzoni mwa 1857 wakapanda mpaka Vuga kumwona mzee huyo huyo Kimweri kabla hawajashika njia ya Bagamoyo. Hao ndio waliojulikana vitabuni kwa sababu waliandika. Walioijua njia kwa miguu yao walikuwa watu wa hapa. Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu wa Pangani, alizunguka nchi ya Wamasai kabla ya wageni hao kuiona, na msafiri Mskoti Joseph Thomson alipovuka nchi hiyo mwaka 1883 alifuatana naye. Mwaka 1887 Kabaila Teleki wa Hungaria alipoanza safari yake kutokea hapa Pangani, Kimemeta alikuwa tena katika msafara. Mwezi wa Machi 1888 walifika kwenye ziwa kubwa la kaskazini, wakalipa jina la mwana wa mfalme wa Austria, Rudolf. Leo linaitwa Turkana, jina la wenyeji wake. Kimemeta hakulipa jina lolote, alikuwa kazini.

Misafara hiyo ilipanda na nguo za merikani na kaniki, shanga, nyaya za shaba na za chuma, na baruti. Ikashuka na pembe. Kila mzigo ulikaa juu ya bega la mtu. Tukiutazama Mtaa wa India, roshani zake na milango yake ya nakshi, ni vizuri tukumbuke kwamba mfanyabiashara wa Kihindi aliyekopesha nguo, Mwarabu au Mswahili aliyeongoza msafara, mtawala wa Mazinde aliyetoza hongo njiani, wote walikula kwa bega la mpagazi ambaye jina lake halikuchongwa mlangoni.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, hata kama si mahali pa raha. Katika miaka ya 1860 na kuendelea, kandokando ya mto huu kulistawi mashamba ya miwa, na sukari guru na asali ya miwa ya Pangani vikauzwa mpaka Unguja na ng'ambo ya bahari. Tunapenda kusema kwamba mji wetu ulikuwa mtamu. Ulikuwa mtamu kwa nani? Waliolima miwa hiyo walikuwa watumwa, na kuongezeka kwao kuna sababu inayoeleweka. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kikubwa kilivunja mikarafuu ya Unguja, na kwa kuwa Pemba ilisalimika, wenye mali wakakazana kupanda Pemba na kutafuta mikono ya kuchuma. Mwaka uliofuata, tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash alitia saini mkataba na Waingereza wa kupiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari na kufunga masoko yao. Marufuku hiyo haikuwafuta watumwa waliokuwa wamekwisha kuletwa pwani, na misafara iliendelea kushuka. Wengine walivushwa usiku kwenda Pemba, na wengi walibaki huku huku, bei yao ikashuka, na mashamba ya miwa ya mto wetu yakawameza. Kazi ya miwa ni kazi ya kukata, kubeba, kukamua na kukesha motoni, maana miwa iliyokatwa haingoji. Waliotoroka walijenga vijiji vyao porini, wakailinda mipaka yao kwa silaha. Kwa hiyo historia ya watoro nayo ni historia ya hapa, na baadhi yetu humu ukumbini tu wajukuu wao, tukitaka kukubali.

Naomba pia tuwakumbuke Wazigua. Katika njaa kali za karne hiyo hiyo, miaka ya 1830 na baada yake, Wazigua wengi walishuka pwani kutafuta chakula, na simulizi za vizazi vyao zinaeleza jinsi walivyopakiwa vyomboni kwa ahadi ya kazi na riziki, wakajikuta wameuzwa Somalia, kwenye bonde la mto Juba. Huko walikaa zaidi ya miaka 150 bila kuiacha lugha yao. Vita vya Somalia vilipowatawanya baada ya 1991, baadhi yao walikimbilia Tanzania, wakapewa makazi Chogo, wilayani Handeni, na baadaye wengi wakapata uraia. Wenzao, pamoja na watu wengine wa asili ya kusini, walipelekwa Marekani kuanzia miaka ya 2003 na 2004. Mtu anayezungumza Kizigua leo katika mji wa Marekani ana haki ya kuuliza babu yake alipakiwa wapi. Bandari za pwani hii zilimtoa, na sisi tunaozisifu bandari hizo tunapaswa kuwa na jibu la heshima la kumpa.

Sasa niingie katika mwaka 1888, ambao kila mtoto wa Pangani anapaswa kuujua. Mwezi wa Aprili mwaka huo Sultani Khalifa bin Said aliikodisha Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki utawala wa pwani yake kwa miaka 50, nayo ikaanza kazi mwezi wa Agosti. Hapa Pangani alikuja Emil von Zelewski, kijana mwenye kiburi, ambaye watu wa pwani walimpa jina la Nyundo. Liwali alikataa kumtii bila amri ya Sultani. Zelewski akaleta askari wa manowari, akaukata mlingoti wa bendera ya Sultani, na habari za wakati ule zinaeleza kwamba watu wake waliingia msikitini na mbwa, tena katika siku za sikukuu ya Idi kubwa. Mji ulighadhibika. Mwanzoni mwa Septemba watu wa Pangani, pamoja na Wazigua na Wabondei walioshuka na silaha, waliwazingira Wajerumani ndani ya nyumba yao, na kama si Jenerali Mathews, Mwingereza aliyeongoza askari wa Sultani, kuja kuwatoa, mambo yangeishia pale. Miaka mitatu baadaye, tarehe 17 Agosti 1891, Zelewski huyo huyo aliuawa na jeshi la Mkwawa huko Lugalo, Uhehe. Hakuwa amejifunza chochote.

Aliyeibuka kuwa kiongozi wa vita vya pwani ni Abushiri bin Salim al-Harthi, mwenye shamba la miwa karibu na mji huu. Tumemfanya shujaa, na kwa ujasiri wake dhidi ya wavamizi anastahili. Lakini tusimchonge upya. Alikuwa bwana wa watumwa, alikuwa na madeni, alikuwa na ugomvi wa zamani na masultani wa Unguja, na wengi waliopigana mwaka huo walipigana kwa sababu zao wenyewe na hawakuwa tayari kumtii: watu wa mjini walitaka heshima yao na ushuru wao, watu wa bara walitaka sehemu yao ya biashara, na mtumwa aliyeshika bunduki alikuwa na hesabu yake. Mimi naona vita hivyo vinaeleweka zaidi na vinaheshimika zaidi tukivieleza hivyo, kuliko tukivieleza kana kwamba mji mzima ulikuwa na moyo mmoja.

Mwaka huo huo 1888 wasafiri wawili, Hans Meyer wa Ujerumani na Oscar Baumann wa Austria, wakirudi kutoka Usambara, waliangukia mikononi mwa watu wa Abushiri, wakafungwa minyororo, wakaachiwa kwa fidia. Meyer alirudi mwaka uliofuata akianzia Mombasa, kwa kuwa njia ya kwetu ilikuwa ya vita, na tarehe 6 Oktoba 1889 akafika kilele cha Kilimanjaro. Wakati huo Wissmann, kamanda wa Kijerumani, alikuwa amekwisha kuja na askari aliowaandika Misri na Msumbiji, na mwezi wa Julai 1889 alikuwa ameupiga mji huu kwa mizinga na kuuteka. Abushiri alikimbilia bara, akasalitiwa, akaletwa hapa na kunyongwa tarehe 15 Desemba 1889.

Watu husema Pangani iliuawa na mizinga hiyo. Sikubaliani nao. Miji ya pwani imepigwa mara nyingi ikainuka. Kilichoishinda Pangani kilikuja polepole, kwa mataruma. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893. Ilifika Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911. Tazameni majina hayo kwenye ramani: kuanzia Korogwe, reli iliikamata njia ya msafara wetu, kando ya mto wetu wenyewe, ikaigeuza kuelekea ghuba ya Tanga. Mzigo uliokuwa ukishuka Pangani kwa siku nyingi juu ya mabega ulifika Tanga ukiwa ndani ya behewa. Hakuna mfanyabiashara atakayegombana na hesabu hiyo, na Wahindi wa mtaa wetu, ambao walijua hesabu kuliko sisi, walianza kufungua maduka Tanga.

Mkonge nao una mzaha wake. Dakta Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida. Vilivyofika Tanga vikiwa hai mwaka 1893 vilikuwa 62 tu, vikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na hivyo 62 ukatoka mkonge ulioifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, hata kufikia tani zipatazo 230,000 mwaka 1964, kabla kamba za plastiki hazijashusha bei. Mbegu ilikuwa yetu na reli ilikuwa ya Tanga, na kwa hiyo mji wa mkonge ukawa Tanga. Wala Tanga wenyewe hawakupata raha yote: kwa zaidi ya karne moja meli zao ziliendelea kutia nanga mbali na gati na kushusha kwa matishari, mpaka miaka ya karibuni bandari ilipochimbwa kufikia kina cha mita 13. Sasa wanapokea bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani. Kwa mara nyingine ni kitu cha bara kinachoamua wapi pwani itang'ara.

Bara limetuathiri pia kwa njia ambayo wazee wetu hawakuijua. Mto huu unatoka Kilimanjaro na Meru, nasi tuko mwisho wake. Tangu miaka ya 1960 maji yake yamefungwa Nyumba ya Mungu, yamezungusha mitambo ya umeme Hale na kwingine, yamemwagilia mashamba ya juu, na hayo yote ni ya haki. Lakini maji matamu yanayotufikia yamepungua, na maji ya chumvi yamepanda mtoni kuliko zamani, hata minazi na mashamba ya kandokando yanalalamika. Bahari nayo imekula ukingo. Mnakijua kisiwa cha Maziwe. Wazee waliomo humu walipumzika chini ya mivinje yake na kuwaona kasa wakipanda kutaga. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti ya mwisho ilikuwa imekwisha, na leo ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa. Kasa wanaokosea na kutaga mahali ambapo bamvua litafunika mayai wanasaidiwa na watu wa Ushongo, wanaohamisha viota hadi pwani ya bara. Kazi hiyo naiheshimu kuliko hotuba nyingi, hii ikiwamo.

Nimezungumza kirefu juu ya njia kwa sababu njia nyingine inakuja. Barabara ya pwani kutoka Tanga kupitia hapa kwenda Saadani na Bagamoyo, pamoja na daraja la mita 525 juu ya mto wetu, vinaibadilisha hali ya mji uliozoea kungoja kivuko. Bei ya viwanja vya Bweni imekwisha kutuambia hivyo. Mimi siogopi daraja; mtu aliyewahi kukaa ng'ambo na mgonjwa usiku, kivuko kikiwa kimefungwa, haogopi daraja. Ninachokihofia ni kwamba nyumba za Mtaa wa India, boma, forodha na makaburi ya zamani vitauzwa au kubomolewa na watu ambao hawakuambiwa vilikuwa nini, na kwamba tutawauzia wageni hadithi ya majahazi na milango ya nakshi, tukiwaficha mpagazi na mkata miwa.

Kwa hiyo naomba mambo haya yafanyike kabla ya kaskazi ijayo. Walimu wa shule za sekondari wawape wanafunzi kazi ya kuwarekodi kwa simu wazee wa mitaa yao, na wasiulize habari za mji kwa jumla. Waulize majina: nahodha fulani alikuwa na chombo gani, shamba la miwa la fulani lilianzia wapi, nani waliishi kule walikokimbilia watoro, nani alijenga mashua na kwa mti gani. Wenye nyumba za zamani waniruhusu mimi na vijana wawili tupige picha milango na tuandike wamiliki waliojulikana, bila kugusa hati za mtu. Na halmashauri tuiombe kibao cha forodhani kiandikwe kwa Kiswahili, kitaje pembe, nguo, sukari guru na watu waliouzwa, vyote kwenye ubao mmoja.

Baada ya sala ya Alasiri nitakuwa barazani, upande wa sokoni. Mwenye daftari la zamani la shehena, stakabadhi ya forodha, picha, au hata jina tu la chombo asilotaka lipotee, aje nalo. Daftari na kalamu ninavyo, na kahawa itakuwapo.